Mtafiti si mpelelezi

Mwezi uliopita, katika somo la etnografia ya mazungumzo, tulipewa zoezi ambalo wengi wetu tulilicheka. Mwalimu alituonyesha filamu moja ya kuchekesha kutoka Marekani, kisha akatuambia: andikeni kurasa mbili kuihusu, lakini msiandike kama wanafunzi wa Bukavu. Andikeni kama mgeni aliyeshuka kutoka sayari nyingine, asiyejua shule ni nini, gazeti ni nini wala busu ni nini. Aandike anachokiona tu.

Zoezi la namna hiyo si jipya katika fani yetu. Mwaka 1956 Mmarekani Horace Miner alichapisha katika jarida la American Anthropologist makala kuhusu kabila linaloitwa Nacirema. Alieleza kwamba kila nyumba ya kabila hilo ina chumba cha ibada chenye maji matakatifu, na kwamba watu wake huingiza kinywani kifungu cha manyoya ya nguruwe na kukisugulisha kwa utaratibu maalumu. Msomaji hushangaa mpaka atambue kwamba Nacirema ni neno American lililoandikwa kinyumenyume, na ibada ile ni kupiga mswaki tu. Sisi Waafrika tumeandikwa kwa mtindo huo miaka mingi sana, tena bila mzaha. Ndiyo maana zoezi lilitupendeza: safari hii sisi ndio tuliokuwa na daftari mkononi.

Filamu yenyewe ni Never Been Kissed ya mwaka 1999, iliyoongozwa na Raja Gosnell. Tuliitazama kwa Kifaransa, ambako inaitwa Collège Attitude. Drew Barrymore anaigiza kama Josie Geller, msichana wa miaka 25 anayefanya kazi katika gazeti la Chicago Sun-Times. Kazi yake ni kusahihisha sentensi za wenzake, lakini anatamani kuwa mwandishi wa habari. Siku moja mwenye gazeti anaamua kwamba Josie arudi shule ya sekondari, ajifanye mwanafunzi wa miaka 17, kisha aandike vijana wa siku hizi wanaishi vipi. Anaingia darasani. Hapo zamani, alipokuwa mwanafunzi kweli, wenzake walimdhihaki vibaya. Sasa anarudishwa shuleni tena, na kwa kazi.

Mgeni wangu wa sayari nyingine aliandika hivi. Kabila hili hufungia vijana wake ndani ya jengo kubwa mchana kutwa. Wakati wa kula, vijana hukaa katika meza ambazo hazina alama yoyote, lakini kila mmoja anajua meza yake, na anayekosea huadhibiwa kwa macho. Wana maneno ambayo wazee hawayajui, na neno likishajulikana na wazee hutupwa. Mwanamke mmoja aliyelipwa maisha yake yote kwa kujua lugha kuliko wengine hawezi kuzungumza na mtu yeyote katika jengo hilo. Kadiri anavyosema sawasawa, ndivyo wanavyozidi kumcheka.

Nilisoma kipande hicho darasani na watu walicheka. Hapo filamu ina somo zuri kwa sisi tunaosoma lugha. Josie anajua sarufi, hajui matumizi. Anachukua maneno ya vijana na kuyatamka kama mtu anayesoma kamusi kwa sauti. Ni sawa na yule anayetoka ng'ambo akiwa amejifunza Kiswahili cha vitabu, akafika Kadutu na kuwauliza vijana "hamjambo" huku wao wakisalimiana kwa namna inayobadilika kila mwaka. Didier Goyvaerts aliandika mwaka 1988 kuhusu Indoubil, lugha ya vijana wa Bukavu wa wakati ule. Baba zetu wanaikumbuka. Jaribu leo kuitumia kama ilivyoandikwa, utaona kama hukuhamishwa meza.

Lakini mgeni wangu aliendelea kutazama, na hapo ndipo kicheko changu kilipoishia.

Katikati ya filamu gazeti jingine linawahi kuchapisha habari kuhusu vijana haohao, na mkuu wa Josie anakasirika. Anamlazimisha avae kamera ndogo iliyofichwa kifuani. Kuanzia hapo kila anachokiona Josie shuleni kinaonekana ofisini. Wafanyakazi wa gazeti wanakusanyika mbele ya skrini, wanakula, wanacheka, wanalia, kama watu wanaotazama tamthilia. Mwalimu wa Kiingereza, bwana Coulson, anaanza kumpenda Josie huku akiamini ni mwanafunzi na akijizuia. Mkuu wa Josie anaona hapo habari kubwa ya kuuza: mwalimu na mwanafunzi wake. Mwalimu huyo hajui. Aldys, msichana mpole anayempokea Josie siku za kwanza wakati hakuna mwingine anayemtaka, naye hajui.

Mgeni aliandika: kuna makundi mawili ya watu. Kundi moja linatazama, jingine linatazamwa. Kundi linalotazamwa halikuambiwa. Je, kwa nini sisi tulio nje tunacheka pamoja na kundi la kwanza?

Nilipoandika swali hilo nikaweka kalamu chini, kwa sababu nililijua. Niliulizwa swali hilohilo mwaka jana, sokoni, na mama muuza sambaza.

Naeleza. Kwa kazi yangu ya kumaliza masomo nilichagua jambo ambalo kila mtu wa Bukavu analijua lakini ni wachache walioliandika: jinsi wauzaji wanavyobadilisha lugha katikati ya maneno. Bei hutajwa kwa Kifaransa, maelewano hufanyika kwa Kiswahili, na inapofika siri, wanahamia kwenye Mashi. Nilitaka mazungumzo halisi. Nikaweka simu katika mfuko wa shati, nikaiwasha irekodi, nikaenda kununua sambaza. Nilifanya hivyo alasiri saba. Kulikuwa na jambo jingine baya zaidi: mama yangu ni wa Walungu na Mashi naielewa vizuri. Nilijifanya sielewi. Wale mama walipohamia kwenye Mashi mbele yangu, walijua wameniacha nje. Sikuwa nje.

Usiku nilikuwa nikisikiliza na kuandika uani kwetu, simu ikiwa na sauti ya juu. Msichana wa jirani akapita, akasimama, akasema, "Huyu si mama mudogo?" Alikuwa amemtambua shangazi yake. Sauti ile ilikuwa ikizungumza kuhusu deni, kuhusu mume asiyeleta kitu nyumbani, na jinsi ya kumkwepa anayekusanya kodi ya soko. Habari ilifika sokoni kabla yangu.

Niliporudi, yule mama hakupiga kelele. Alinipimia sambaza kama kawaida, kisha akaniuliza: "Mutoto wangu, ulikuwa unakuja kununua ama kutupeleleza?" Nikaanza kueleza habari za chuo. Akanikata: "Ungeniomba, ningekupatia. Sasa umeiba." Kwa wiki kadhaa, kila nilipopita katika mstari ule, mmoja alikuwa akiwaambia wenzake, "Munyamaze, simu imefika."

Mtu wa mahali pengine anaweza kuona ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Tunaishi katika mkoa ambamo watu wamejifunza kwa machungu kumwogopa anayesikiliza na kuandika. Mama mwenye deni na kodi isiyolipwa, sauti yake ikiwa katika simu ya kijana asiyemjua vizuri, hana sababu ya kulala kwa amani. Mimi nilikuwa na mifano arobaini mizuri ya kubadilisha msimbo. Yeye alikuwa na hofu.

Najua hoja inayotolewa kunipinga, kwa sababu niliitumia mwenyewe. William Labov aliipa jina: kitendawili cha mtazamaji. Tunataka kujua watu wanavyozungumza wakati hakuna anayewatazama, lakini njia pekee ya kujua ni kuwatazama. Ukimwambia mama kwamba unarekodi, atasema Kiswahili cha redio. Basi wenzangu wanasema: jifiche, pata data safi, badilisha majina, hakuna aliyeumia.

Tena wanamtaja Labov mwenyewe kama shahidi. Mwaka 1962 aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York, yaani Saks, Macy's na S. Klein, akajifanya mteja. Aliuliza bidhaa ambayo alijua iko ghorofa ya nne, ili muuzaji atamke maneno mawili yenye sauti ya "r" ndani yake. Akajifanya hakusikia, muuzaji akarudia. Kisha akasogea kando na kuandika. Alikusanya watu 264 kwa njia hiyo, na hakuna aliyejua. Utafiti huo tunaufundishwa kama mfano wa ustadi.

Ni mfano wa ustadi kweli, lakini tuangalie alichochukua. Alichukua maneno mawili ambayo muuzaji huyo huwaambia wateja wote, mbele ya watu wote. Hakuchukua sauti yao, hakuchukua majina, hakuchukua deni la mtu. Na Labov huyohuyo alikataa waziwazi kurekodi watu kwa siri. Katika mahojiano yake marefu alikuwa na kinasa sauti wazi mezani, akatafuta njia nyingine ya kuwasahaulisha: kuwaacha wasimulie siku waliyokaribia kufa, kuwaacha wazungumze wao kwa wao. Wanaomtaja Labov ili wafiche simu mfukoni wamesoma nusu ya kwanza ya somo.

Kuna hoja ya pili, nayo ina uzito zaidi. Inatoka kwa wenzetu wa uandishi wa habari. Wao wanasema: bila kujificha, maovu mengi yasingejulikana. Ni kweli. Mwaka 1887 Nellie Bly alijifanya mwenda wazimu, akafungwa siku kumi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blackwell's Island, kisha akaandika katika gazeti la New York World jinsi wanawake walivyoteswa humo. Huko Ghana, Anas Aremeyaw Anas, ambaye huficha uso wake kwa shanga, aliwaonyesha majaji wakipokea rushwa mwaka 2015. Kazi ya namna hiyo si mchezo: mwenzake Ahmed Hussein-Suale aliuawa kwa risasi Accra Januari 2019. Siwezi kukaa Bukavu, mahali ambapo rushwa ina majina ya upole kama "sukari" na "maji ya kunywa", nikasema watu hao walikosea kujificha.

Na kuna mfano unaotoka katika gazeti la Josie lenyewe. Mwaka 1977 waandishi wa Chicago Sun-Times, pamoja na shirika la Better Government Association, walinunua baa na kuiita Mirage. Waliiendesha wao wenyewe kwa majina ya bandia, wapiga picha wakiwa wamejificha, na wakaguzi wa jiji walipita mmoja baada ya mwingine wakitaka fedha ili wasione kasoro za jengo. Mfululizo wa habari ulitoka Januari 1978 na ulitikisa jiji. Hata hivyo, ulipofika mbele ya bodi ya tuzo za Pulitzer, ulinyimwa tuzo. Baadhi ya wajumbe waliona kwamba gazeti linalodai ukweli kutoka kwa wengine haliwezi kuupata kwa uongo. Wamarekani wanabishana kuhusu uamuzi huo hadi leo.

Mimi naona mifano hii mitatu ina kitu kimoja ambacho filamu haina, na ambacho simu yangu haikuwa nacho. Nellie Bly alijificha mbele ya watu waliokuwa na funguo. Anas alijificha mbele ya majaji. Waandishi wa Mirage walijificha mbele ya wakaguzi wenye mihuri. Aliyedanganywa alikuwa na nguvu kuliko aliyedanganya, na kilichofichwa kilikuwa kinawadhuru watu ambao hawakuwa na njia nyingine ya kujua. Kujificha kulikuwa ngao ya mnyonge.

Katika Never Been Kissed gazeti kubwa linajificha mbele ya watoto wa shule. Linatafuta nini? Hata mwenye gazeti hajui. Anataka "habari za vijana". Aldys hana anachowadhulumu wakazi wa Chicago. Mimi nami nilijificha mbele ya mama ambaye mtaji wake wote ni beseni la sambaza. Ngao ile ya mnyonge nikaigeuza kuwa kijiti cha kuchokoza mnyonge. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeenda sokoni si mnyonge, hata kama hana nauli ya kurudi. Yeye ndiye atakayeandika, na kilichoandikwa ndicho kitakachobaki.

Filamu, kwa haki yake, inalijua jambo hilo kwa nusu. Darasani wanasoma Shakespeare, As You Like It, mchezo wa Rosalind anayejificha katika mavazi ya kiume. Mwalimu Coulson anawaeleza wanafunzi kwamba mtu akivaa sura nyingine hupata uhuru wa kusema na kufanya asiyoyaweza akiwa na sura yake. Ndivyo ilivyo, na ndiyo hatari yake. Usiku wa dansi ya mwisho wa mwaka, wasichana maarufu wanapanga kummwagia Aldys chakula cha mbwa. Josie anaona, anawazuia, na mbele ya wote anasema yeye ni nani. Anapoteza habari, karibu apoteze kazi. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya filamu: Josie anakuwa na faida kwa Aldys dakika ileile anapoacha kujificha.

Lakini baada ya hapo filamu inakimbia. Josie anaandika makala gazetini, anakiri kosa lake, anaomba mwalimu aje kumbusu katikati ya uwanja wa besiboli mbele ya umati. Mwalimu anachelewa, anakuja, umati unashangilia. Mgeni wangu wa sayari nyingine aliandika mstari mmoja tu kuhusu mwisho huo: aliomba msamaha kwa kuchapisha tena. Wasomaji waliosamehe walikuwa wale waliofurahia. Vijana waliorekodiwa hawakuulizwa kama kanda zao zichomwe au zihifadhiwe.

Sokoni Kadutu hakuna umati wa kushangilia. Nilirudi kwa yule mama na simu mkononi, nikamwonyesha rekodi zake, nikamuuliza nifanye nini. Alisikiliza kipande kimoja, akacheka sauti yake mwenyewe, kisha akasema nifute zote zenye Mashi. Nikafuta mbele yake. Sura ya tatu ya kazi yangu ikaondoka nazo, nami nikachelewa kumaliza kwa miezi mitano. Nikaomba kurekodi upya, simu ikiwa juu ya meza karibu na mizani. Wawili walikataa, watano wakakubali. Nusu saa ya kwanza waliongea kama watangazaji, kweli. Kisha akaja mteja mbishi, akataka kupunguziwa bei mara nne, na hakuna aliyekumbuka simu tena. Data yangu ya pili ina Mashi kidogo kuliko ya kwanza. Ninachoweza kusema ni kwamba kila sentensi iliyomo ilitolewa na mwenyewe.

Kinachonisumbua bado ni hiki: katika miezi yote ya kazi ile ya kwanza, nilipoleta mifano yangu, niliulizwa kuhusu alama za toni, kuhusu jedwali, kuhusu nadharia. Sikuulizwa hata mara moja jinsi nilivyoipata. Na sikuwa peke yangu. Wenzangu wana rekodi za mazishi, za maungamo kanisani, za dada zao wakizungumza na wachumba kwa simu. Tunazipitisha kwa Bluetooth kama nyimbo.

Naomba mambo matatu, na hayahitaji bajeti. La kwanza, kila kazi ya kumaliza masomo yenye sauti za watu iwe na ukurasa mmoja unaoeleza ruhusa ilipatikana vipi, kwa lugha gani, na nani alikataa. Asiye na ukurasa huo asipangiwe siku ya kutetea. La pili, ruhusa iombwe kwa lugha ambayo mtu anaielewa, kwa mdomo kama hawezi kusoma, na aambiwe kwamba anaweza kubadilisha nia baada ya kusikiliza. La tatu, darasa la mwaka wa kwanza la mbinu za utafiti lianze na saa moja ya kugeuza mambo: kila mwanafunzi arekodiwe na mwenzake bila kujua, kisha asikilizishwe mbele ya wote. Najua hili la tatu linapingana na yote niliyosema. Basi waambiwe mapema kwamba itatokea siku fulani katika mwaka, na anayekataa akatae. Wengi watakataa, nadhani, na tutakuwa tumejifunza somo kabla ya kufika sokoni.

Kazi yangu iko kwa msomaji wa pili sasa. Nakala moja ya sauti, katika kadi ya kumbukumbu, iko kwa yule mama. Aliomba mwenyewe. Anasema wajukuu wake watamsikia akibishana.